Aliyekalia Kigoda Changu

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Hata mimi ningesimuliwa haya na mtu mwingine, ningecheka nikaendelea na chai yangu. Lakini yalinipata mimi, mchana kweupe, pale Kakuma, na mwanamke aliyenipa simu mkononi siku hiyo yuko hai, bado anauza mkate.

Mimi natengeneza apu, programu za simu. Tuko wanne katika chumba kimoja Lodwar, juu ya duka la mabati, na feni inayozunguka ikijisikia. Tuliunda AI ya kuongea na watu kwa simu: unaiuliza kwa Kiturkana au Kiswahili, inakujibu kwa sauti. Mwanzoni watu waliijaribu mara moja wakaiacha. Unajua kwa nini? Ilijibu bila kusalimia. Huku kwetu nani ataongea na mtu asiyeuliza mbuzi wako wameamkaje?

Nikapata wazo, na hapo ndipo nilipoharibu. Simu yangu ilikuwa imehifadhi mazungumzo yangu na mama, ya miaka mitatu. Nikaifundisha apu kwa hayo: ninavyoanza na ejok, salamu yetu, ninavyouliza mbuzi, kisha magoti yake, kisha mvua, na ninavyomtania. Sauti nikaipa yangu. Halafu nikaongeza ujanja: isikose jibu hata siku moja, na kila ikijibu iulize swali lingine, ili mtu asiondoke. Weee! Ilishika moto. Madereva wa malori waliokwama mpakani Nadapal walishinda nayo. Wavuvi wa Kerio waliijua sauti yangu kabla ya kuniona. Watu wakaiita "yule kijana wa simu".

Mama yangu anaishi Kakuma mjini, na macho yake hayaoni tena. Naye nikamwekea. Akaacha kunipigia. Nikajiambia yuko sawa, ana wa kuongea naye, mimi nina kazi. Kutoka Lodwar kwenda Kakuma ni safari ya asubuhi tu, lakini mwaka mzima sikwenda. Hata kulisema naona aibu.

Siku niliyokwenda, nilifika saa sita, jua linachoma hadi kisogoni. Karibu na nyumbani kuna kibanda cha Mama Achol, mkimbizi wa Sudan Kusini anayemuuzia mama mkate na kumchajia simu. Aliponiona akacheka.

"Wewe umesahau nini tena? Sasa hivi tu umepita hapa, umesalimia mimi vizuri sana!"

"Mimi? Ndio nafika."

"Acha mchezo. Shika, simu ya mama imejaa."

Nikadhani jua limempiga. Nikaichukua ile simu nikaenda. Nilipokaribia mlango nikasikia mama anacheka, na mtu anamuuliza kama yule mbuzi mweupe ameshazaa. Sauti ilikuwa yangu. Nikatabasamu, nikajua anaongea na apu. Kisha nikatazama mkono wangu. Simu ya mama nilikuwa nimeishika mimi, imezimwa.

Haki ya Mungu, nilitaka kukimbia. Niliingia kwa sababu mama alikuwa ndani. Sauti ikakatika. Mama amekaa peke yake, vikombe viwili vya chai mbele yake, kimoja kimefika nusu. Kando yake kulikuwa na ekicholong yangu, kile kigoda kidogo alichonichongea marehemu baba. Kwetu kigoda cha mwanamume hakikaliwi na mwingine. Nikakigusa. Kilikuwa na joto la mtu aliyenyanyuka sasa hivi.

"Nani ameingia?" mama akauliza kwa Kiturkana.

"Ni mimi, mama. Mwanao."

"Mwanangu yuko hapa, tunakunywa chai. Wewe umeitoa wapi sauti yake? Lete mkono."

Nikampa. Akalipapasa kovu la moto kwenye kidole gumba, la utotoni. Nikapumua.

"Na yeye analo," akasema.

Nikaanza kulia, sikufichi. Ungemwambia nini? Nikataja jina la baba, nikataja ng'ombe wake. Kila kitu akasema yule mwingine anakijua. Mwisho akaniuliza polepole, "Basi niambie, mwaka mzima kwa nini hukuja?"

Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Nilikaa kimya mpaka nikasikia mbuzi nje wakitafuna katoni.

Mama akanivuta kifuani. "Basi ni wewe," akasema. "Yule hajawahi kukosa jibu."

Niliporudi Lodwar niliiondoa ile sauti. Wenzangu walinikasirikia, na watu wengi wakaikimbia apu, wakisema imekuwa baridi. Mnisamehe. Siku hizi naenda Kakuma kila Jumamosi. Kigoda sikikalii, nakaa chini kwenye mchanga. Kabla hajanimiminia chai, mama huniuliza lile swali, kisha husikiliza. Nikinyamaza, ananipa kikombe.

Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu umemwachia kitu kimsalimie kwa niaba yako, nyanyuka uende leo. Juzi mama aliniambia, kama jambo la kawaida tu, kwamba yule mwingine bado huja siku za katikati ya wiki, na kwamba yeye, si kama mimi, hana haraka ya kuondoka.