Shangazi Hakutaka Nafasi Tupu

Ofisini tulimwita Shangazi, na si kwa sababu ya umri. Alikuwa na tabia ya yule shangazi anayekuja kwenu kusalimia, kisha anapitisha kidole juu ya kabati kuona kama kuna vumbi. Alikuwa mwandishi wa programu, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na aliishi na mama yake mzazi katika vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha magodoro. Mimi nilikuwa mpokea simu. Hospitali zilizotumia mfumo wetu zikikwama, zilinipigia mimi, na mimi ndiye niliyetukanwa kwanza. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia nayajua, na msomaji akiona nina hasira, hajakosea.

Mfumo wenyewe ulikuwa programu ya wavuti ya kutunza habari za wagonjwa. Muuguzi anafungua kivinjari, anatafuta jina, anachapa karatasi ya kutundikwa kitandani. Shangazi aliujenga karibu peke yake, kwa lugha ya programu ambayo wenzake wengi waliikimbia. Alinieleza siku moja tukinywa chai, nami si mtu wa kompyuta, kwamba katika lugha ile kila kitu ni fomula. Unaipa kitu, inakurudishia kitu, na haina ruhusa ya kuchezea kingine pembeni. Hata kurasa za HTML, yaani zile muuguzi anazoziona kwenye kivinjari, alizijenga hivyohivyo. Ukurasa ulikuwa fomula, na fomula isipopewa kila inachodai, kompyuta inagoma kuijenga programu nzima.

"Sasa faida yake nini?" nilimuuliza.

"Faida yake siwezi kusahau kitu. Nikisahau, inanigomea mimi hapahapa mezani. Haisubiri ikamgomee muuguzi."

Kuna mstari mmoja wa karatasi ile alioulinda kuliko yote, ule wa dawa zinazomdhuru mgonjwa. Aliuwekea majibu matatu: ama dawa zimetajwa, ama mgonjwa ameulizwa akasema hana, ama hajaulizwa bado. Hilo la mwisho lilitoka kwa rangi nyekundu. Hospitali zikalalamika kwamba wino mwekundu unaisha haraka. Shangazi akasema wino ni nafuu kuliko jeneza, na Chapchap akamwomba asiseme maneno kama hayo mbele ya wateja.

Chapchap ndiye aliyekuwa bosi wetu. Kwake kila kitu kilitakiwa chapchap, isipokuwa mikutano yake.

Lakini nisimpambe Shangazi kwa uongo. Tatizo lilikuwepo, tena la kweli. Hakuna mtu mwingine aliyeweza kugusa kurasa zile. Mchoraji wetu wa kurasa, ambaye tulimwita Msanii, alijua HTML na rangi, basi. Akitaka kusogeza kichwa cha ukurasa kidogo tu, ilibidi aende kumbembeleza Shangazi, na Shangazi alikuwa na kazi zake na mdomo wake. Hospitali nazo zikaanza kudai kila moja nembo yake na mpangilio wake. Chapchap akaamua tuingize mfumo wa violezo. Kiolezo ni faili la kawaida la HTML lenye matundu, kila tundu na jina lake; programu inaleta habari za mgonjwa, zinajazwa kwenye matundu. Msanii angeshika violezo, Shangazi angebaki na fomula.

Tulidhani atawaka. Hakuwaka. Alitoa sharti moja tu, mkutanoni, mbele yetu sote.

"Kiolezo hakijui kukataa," alisema. "Tundu lisipoletewa kitu, kinaacha nafasi tupu, kinaendelea na safari. Kwa hiyo nitajenga daraja katikati. Mfumo ukiwashwa, daraja linasoma kila kiolezo na kukilinganisha na kile ambacho fomula inaleta. Likikuta tundu lisilo na mwenyewe, mfumo hauwaki. Mkinikubalia hilo, naanza leo. Mkikataa, tafuteni mtu mwingine."

"Tumekubali," alisema Chapchap. "Tunaona lini?"

Siku zile zilikuwa nzuri, na inaniuma kuzikumbuka. Shangazi na Msanii walikaa bega kwa bega, ukurasa mmoja baada ya mwingine. Msanii akitoboa tundu ambalo hakuna wa kulijaza, mfumo unagoma kuwaka na kumtajia tundu lenyewe kwa jina. Anajipiga paji la uso, Shangazi anacheka mpaka anavua miwani.

"Shangazi, daraja lako lina roho mbaya."

"Limerithi kwa mwenyewe. Rekebisha."

Kisha wakaja wakubwa wa hospitali moja kubwa kuonyeshwa kazi. Asubuhi hiyo Chapchap alikuwa amemwagiza Msanii aongeze kaulimbiu ya hospitali yao juu ya karatasi, iwafurahishe, na hakumwambia Shangazi ailete kutoka upande wa programu. Wageni wameketi, projekta imewashwa, Chapchap amefunga tai. Mfumo ukagoma. Ukutani pakatokea maandishi makubwa kwamba karatasi ya wodini inadai kaulimbiu na hakuna aliyeileta. Wageni wakacheka kwa adabu. Chapchap alirudi kwenye meza zetu shingo imelowa jasho.

"Zima hicho kitu chako."

"Bosi, kimefanya kazi yake."

"Kazi yake ni kuniaibisha? Nafasi tupu mtu anaivumilia. Ukurasa kukataa kufunguka hakuna anayeuvumilia."

"Kwenye kaulimbiu, sawa. Kwenye dawa je?"

"Kwenye dawa si kumejazwa? Unaona mwenyewe kumejazwa. Zima."

"Sizimi," alisema Shangazi.

Chapchap akamgeukia Msanii. Kulizima daraja kulihitaji kubadilisha neno moja tu katika faili la mipangilio, ndiyo iwe hapana. Msanii alimtazama Shangazi, akatazama kibodi, akalibadilisha.

"Nisamehe, Shangazi. Nina familia."

"Kila mtu anayo," alijibu, akaenda kunawa uso.

Watu wameniuliza kwa nini hakuacha kazi palepale. Ni rahisi kuuliza ukiwa umeshiba. Mama yake alikuwa amevunjika nyonga, na kazi za lugha ile haziokotwi njiani. Kila Jumatatu alimkumbusha Chapchap kuhusu daraja, na kila Jumatatu aliambiwa tutaliangalia.

Baadaye Msanii aliona karatasi zote zina mambo yanayojirudia: jina la mgonjwa, umri, dawa zinazomdhuru. Akayatoa kila mahali, akayaweka katika kiolezo kimoja cha juu ambacho kurasa zote zitakitumia. Wazo zuri kabisa, hata Shangazi angelisifu kama angeambiwa. Ila fomula ya karatasi ya wodini ilikuwa bado inapeleka zile dawa mahali pa zamani, na kiolezo kipya hakikuletewa kitu. Daraja lingekuwa macho, mfumo usingewaka, na Msanii angejipiga paji la uso. Daraja lilikuwa limezimwa. Karatasi zikatoka safi, zimepangika, na mstari wa dawa umebaki mweupe.

Simu niliipokea mimi. Alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume, na hakunitukana, ndipo nikajua kuna jambo. Dereva mmoja wa lori aliletwa na kidonda mguuni. Pale mapokezi aliulizwa, akasema kuna sindano iliyowahi nusura kumtoa roho, akaitaja, na karani akaiandika kwenye mfumo kama inavyotakiwa. Wodini aliyeisoma karatasi akaona peupe, akaelewa kwamba hakuna kitu. Akamchoma sindano hiyohiyo. Dereva hakuiona jioni.

Hospitali ikatuma watu wake kuuliza maswali. Walitukalisha kwenye chumba kilekile cha projekta.

"Ni nani aliyeunganisha violezo na programu?"

"Mimi," alisema Shangazi. Akaanza kueleza habari ya daraja, na Chapchap akamkata kauli.

"Kusema kweli, mambo yote ya kiufundi yalikuwa mikononi mwake. Sisi tulimwamini."

Msanii alikuwa anazitazama kucha zake.

"Bosi, si wewe uliyesema lizimwe?" nilisema. "Sote tulikuwepo."

Nikaambiwa simu zinaita, nitoke nikazipokee. Nilisema sitoki mpaka Msanii aulizwe. Hakuulizwa. Mwisho wa wiki Shangazi alifukuzwa, na mimi nikafuata, yeye kwa uzembe na mimi kwa utovu wa nidhamu. Chapchap bado yupo, na nasikia amepata tai mpya.

Hakuna kampuni iliyomtaka Shangazi tena, maana habari zilitangulia kufika kila alikobisha hodi. Sasa anachapa barua za watu katika duka la fotokopi. Siku moja nilimpitia pale, akaniambia bila kuacha kuchapa, "Kazi hainiumi. Linaloniuma, yule baba alisema. Aliulizwa akasema, na sisi tukamziba mdomo."

Mama yake aliugua mapafu mwaka huu. Nilikwenda nao hospitali ileile alikofia dereva, kwa kuwa bibi anahitaji watu wawili wa kumshika. Mapokezi palikuwa na msongamano, karani akaandika jina na umri, akatupitisha haraka. Wodini muuguzi akachapa karatasi. Shangazi aliipokea kabla haijatundikwa, akaisoma kwa ile miwani yake ya uzi. Mstari ulikuwepo, umekolezwa wino: Dawa zinazomdhuru: Hakuna.

"Nani amesema hakuna?" aliuliza.

"Mfumo, mama," alisema muuguzi kwa upole. "Zamani palikuwa panabaki wazi, kukatokea malalamiko. Wakarekebisha. Siku hizi pasipoletwa kitu panajiandika penyewe."

Shangazi alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Wanasemaje, mwanangu?" aliuliza bibi.

"Hawajakuuliza, mama."

Penisilini humvimbisha bibi koo mpaka pumzi inakata. Shangazi akaomba kalamu, akakata lile neno Hakuna, akaandika dawa hiyo juu yake kwa herufi kubwa. Muuguzi akamzuia mkono.

"Usiandike kwenye karatasi ya mfumo, tafadhali. Nitaagiza mapokezi wairekebishe, kisha nichape nyingine."

Alikwenda. Shangazi akavuta kiti, akakiweka kati ya kitanda na mlango, akakaa, mikono juu ya magoti. Kwenye kitanda cha pili alilala mwanamke ambaye hakuwa na mtu kando yake. Karatasi yake ilikuwa imetundikwa miguuni. Niliinuka nikaisoma. Hakuna.