Lori Lililokosekana Mezani

Watu wawili ndio walioumaliza mguu wangu wa kushoto. Wa kwanza ni nyapara wa yadi ya reli, aliyepepea bendera ya kijani mimi nikiwa katikati ya mabehewa. Wa pili ni karani wake, aliyeandika kwenye fomu neno moja tu: mzembe. Nawataja mapema, kwa sababu kwa miaka mitano niliwataja kila siku iendayo kwa Mungu, na mtu akishazoea kuanza na jambo hawezi tena kuanza na jingine.

Mguu wenyewe sikuupoteza wote. Nusu ya mbele ya unyayo ndiyo iliyobaki relini, pamoja na vidole vyake. Kiatu nikawa nakijaza matambara, natembea kama mtu anayekanyaga shimo kila hatua ya pili. Kazi ya kuunga mabehewa ikaishia hapo. Nikajifunza ufundi bati kwenye kibaraza kimoja karibu na soko la Kariakoo: koroboi, kata za kuchotea maji, mikebe. Elimu yangu ni darasa la pili, na hilo la pili nalo sikulimaliza, lilinimaliza.

Kila mteja aliyekuja kuchukua koroboi aliondoka na koroboi pamoja na habari za nyapara. Nilimweleza alivyosimama, alivyoinua mkono, tumbo lake lilivyomtangulia. Wengine wakaanza kununua kwa fundi wa kibaraza cha pili. Koroboi zake zilivuja, lakini alikuwa mtu wa kunyamaza. Hata mke wangu alichoka. Asubuhi nikifumbua macho nilimkuta keshakaa kwenye kitanda chetu cha mninga, anasuka nywele, na kabla ya salamu yoyote ananiuliza:

"Nyapara kaamkaje leo?"

Kitanda hicho kilikuwa fahari yangu. Kilitengenezwa na mafundi wa Buguruni, kikaletwa wiki ya harusi yetu, na kilikuwa kikubwa kiasi kwamba mlango wa chumba ulifunguka nusu tu. Mgeni mnene tulizungumza naye uani.

Basi, katikati ya miaka ya hamsini, akaniita tajiri mmoja wa Kihindu mwenye duka la vyuma na vifaa vya ujenzi huko Uhindini. Alikuwa amepokea kasha kutoka Ulaya, limevunjika njiani, na ndani yake mna treni ya kuchezea, ya kutia ufunguo, yenye reli na mabehewa. Kuiuza hakuweza, kwa hiyo akaipenda. Ghorofani juu ya duka alipanga milango mitatu juu ya makasha iwe meza, akatandaza reli, na sasa alitaka stesheni, yadi na mtaa wa mbele yake. Lakini hakutaka vya sasa. Alitaka kila kitu kama kilivyokuwa mwaka aliofungua duka lake.

"Wewe ulifanya kazi yadi mwaka ule," akaniambia. "Unakumbuka?"

Kama nakumbuka! Mwaka ule ndio mwaka wa mguu wangu.

Akaongeza kwamba alasiri ya Divali wageni watakuja kutazama, na miongoni mwao atakuwapo shemeji yake, mtu mkubwa katika ofisi za reli. Mtu wa namna ile anaweza kufungua faili lolote na kufuta neno lolote. Nitaijenga yadi jinsi ilivyokuwa siku ile, nikajiambia, shemeji ataona kwa macho yake kwamba nyapara aliweza kuniona, na lile neno la karani litafutwa. Nikamwomba tajiri jambo moja tu: huyo shemeji aje na yule nyapara. Tajiri akadhani nina upendo na wazee wa kazini. Akakubali.

Kazi ikaanza, na kwa mara ya kwanza maishani nikakutana na mtu msumbufu kunishinda. Tajiri alikwishapima kila kitu. Mtu mmoja ni njiti moja ya kiberiti, si zaidi. Nikachonga njiti, nikazivika vipande vya nguo, na kwa kuwa sikuondoa vichwa vya baruti, yadi nzima ikajaa watu wenye tarbushi nyekundu, mpaka wachukuzi, mpaka mama muuza maandazi.

"Hii ni stesheni au arusi ya Waarabu?" tajiri akauliza.

Nikaanza upya. Ili kupata umbali, nilikwenda kwenye uzio wa yadi kule mtaa wa Gerezani nikahesabu hatua kwa nje. Nilisahau kwamba hatua zangu moja ni ndefu na moja ni fupi. Tulipopanga mezani, tangi la maji likasimama katikati ya reli. Nikarudi Gerezani, nikahesabu za mguu wa kulia tu.

Magari ndiyo yaliyotugombanisha zaidi. Nilitengeneza lori zuri kwa bati la kopo la samaki, na magurudumu ya vifungo vya shati. Tajiri akalizungusha kidoleni, akalirudisha.

"Pua hii ni ya juzi. Mwaka ule malori yalikuwa na pua ndefu."

Alikuwa sahihi, na nilimchukia kwa hilo. Nikakata pua ndefu. Nikatengeneza riksho, maana mwaka ule zilikuwa bado zinakimbia, na rikwama za mikono zenye magunia ya mkonge, na muuza kahawa na vikombe vyake, kila kikombe ni kichwa cha msumari mdogo. Ukingo wa reli niliupanga mawe meupe kwa punje za mchele, kwa sababu yadini kulikuwa na mawe yaliyopakwa chokaa, na gari lolote halikuruhusiwa kuyavuka.

Nyapara nilimweka mwisho, kama mtu anavyobakiza mnofu. Tumbo lake nilitumia kokwa ya ukwaju, kubwa kuliko zote nilizopata. Bendera yake niliikata kwenye pembe ya khanga ya kijani ya mke wangu, bila kumwambia. Na mbali kidogo, kati ya mabehewa mawili, nikajisimamisha mwenyewe: njiti nyembamba, nyoofu, iliyochongwa vizuri kuliko njiti zote. Hata uso nilijitia.

Tajiri akazunguka meza, akasimama kando ya tangi.

"Hapa pana upara. Pana nafasi kubwa haina kitu."

"Palikuwa hivyo hivyo, tajiri."

"Mahali pazuri vile, kivuli cha tangi, halafu pasiwe na kitu? Jaza."

Nikajaza mbuzi. Kesho yake akaona pamepungua, nikaongeza mbuzi. Akawahesabu kwa ncha ya rula.

"Fundi, hii ni yadi ya reli au bucha?"

Zilikuwa zimebaki siku mbili kufika Divali mke wangu alipopanda ngazi za ghorofani, khanga mkononi, pembe moja haina. Alikuwa amekuja kutafuta mwizi. Alipoiona pembe yake mkononi mwa nyapara alicheka mpaka akaketi sakafuni. Kisha akainuka, akaanza kuitazama meza yote taratibu, mtaa, stesheni, riksho, mpaka akafika kwenye tangi.

"Ndiyo siku ile hii?"

"Ndiyo yenyewe. Kila kitu kiko kama kilivyokuwa."

"Hawa mbuzi ni wa nani?"

"Wa watu."

Akaniangalia. "Na lori la kitanda changu liko wapi?"

Nataka mnielewe. Sikuwa nimemdanganya mtu. Kwa miaka mitano nilikuwa nimeeleza habari ile mara elfu na kila mara niliieleza bila lori, mpaka lori lenyewe likaondoka kichwani mwangu likaenda zake. Lakini kitanda kilifika chumbani siku ile ile niliyopelekwa hospitali, na hakikuja kwa miguu yake minne. Kilikuja kwenye lori lililotoka Buguruni. Dereva aliniletea yadini nimwelekeze nyumbani. Nami nilimwambia avuke mawe meupe, aegeshe pale kivulini kwenye tangi, kitanda cha harusi kisipigwe jua kikapasuka kabla hakijalaliwa. Kisha nikarudi mbio kumalizia kulabu moja ya mabehewa niliyoiacha.

Mke wangu aliposhuka, nilipiga magoti, nikaweka kidevu mezani nyuma ya nyapara, nikatazama kwa macho yake. Kazi yake kabla ya kupepea ilikuwa kuangalia chini ya mabehewa kama kuna miguu ya mtu. Juu ya migongo ya mbuzi niliiona miguu yangu vizuri kabisa. Nikaondoa mbuzi, nikasimamisha kasha la kiberiti pale kwenye tangi badala ya lori. Miguu ikapotea. Mtu mzima nikapotea, na sura yangu nzuri niliyojichongea.

Mtu mwenye haya angeweka lori. Mimi nilitengeneza lori dogo. Pua ndefu, magurudumu ya vifungo, kila kitu sawa, ila nililipunguza robo ya kimo, miguu yangu ichungulie juu yake. Nikalifanyia kazi siku nzima kwa bidii ambayo wenye koroboi zao hawajapata kuiona. Tajiri akalisimamisha kando ya njiti, kisha kando ya rula.

"Dereva wa hili ni mbilikimo?" akauliza. "Liwe njiti nne urefu, njiti moja na nusu kimo. Lifanye tena."

Nikalifanya tena. Msiniulize kwa nini sikurudisha mbuzi. Nadhani ni kwa sababu lile lori dogo lilikuwa baya machoni, na mimi nimeshindwa vingi lakini bati silishindwi. Hili jipya lilitoka kamili. Nyuma yake nikapakia kitanda, njiti zilizopasuliwa mara mbili, mbao za ubavuni na vichwa vilivyochongwa. Nikaliweka ng'ambo ya punje za mchele, kando ya tangi, mahali pake, asubuhi ya Divali.

Alasiri ghorofa ilijaa. Wanawake wamevaa sari za kung'aa, sinia za peremende zinazunguka, treni inazunguka, kila mtu anatafuta duka lake mezani. Shemeji alikuja na suruali nyeupe na miwani. Nyuma yake, kofia mkononi, alikuja nyapara. Alikuwa amezeeka. Tumbo lilikuwa limekwisha, kama limeazimwa.

Aliitazama meza kwa muda, kisha akanyoosha kidole.

"Huyu mwenye tumbo ndiye mimi?"

Watu wakacheka.

"Ndiye wewe, mzee," nikasema. Sikuwa nimewahi kumwita mzee. Majina niliyomwita kwa miaka mitano hayafai kuandikwa.

Akainama polepole, mkono kiunoni, mpaka jicho lake likawa sawa na jicho la ile njiti yake. Akakaa hapo. Treni ikapita mara moja, ikapita mara ya pili.

"Sioni mtu," akasema. "Lori limeziba."

Shemeji naye akainama, akavua miwani, akavaa. "Kweli. Lakini hapa si mahali pa malori. Naona mawe. Nani aliliruhusu?"

Yule dereva alikuwa amehamia bara zamani. Jina lake hakuna aliyelijua. Ningesema "dereva", habari ingekwisha, na neno langu lingefutwa pengine kabla ya peremende kwisha. Tajiri alikuwa ananitazama na rula yake.

"Mimi," nikasema. "Nilimwambia avuke. Kitanda kile ni changu."

"Ni changu," akasema mke wangu kutoka mlangoni, mdomo umejaa jalebi za kwenye sinia.

Nyapara akajinyoosha kwa shida. "Nilikuja hospitali nikakwambia sikukuona."

"Ulikuja."

"Na machungwa."

"Nakumbuka, mzee."

"Ukanirushia chungwa."

"Mawili."

"Moja lilinipata." Akagusa sikio, kama bado linauma. Kisha akaniuliza kama tumbo lile laweza kupunguzwa kidogo. Tajiri akakataa palepale: mwaka ule lilikuwa vile. Nyapara akakubali kwamba ni kweli, akachukua peremende mbili, akashuka ngazi. Nilimfuata mpaka barabarani, mimi na shimo langu la kila hatua ya pili, nikamwambia "Shikamoo." Ilikuwa salamu iliyochelewa kupita kiasi, lakini aliiitikia.

Shemeji, mtu mwema, aliniuliza kama nataka faili la ajali ile litafutwe, lipitiwe upya. Nikamwambia aliache lilale.

Leo nina miaka arobaini na kitu, na tangu siku ile nyapara sijamtaja kwa ubaya, isipokuwa hapa. Lakini karani simsamehe. Yule hakutoka kwenye kiti chake. Hakufika yadini, hakumuuliza mtu, habari ya kitanda hakuijua. Alichovya kalamu tu akaandika mzembe, na akapatia. Niliyaeleza hayo usiku ule wa Divali kitandani, nikayaeleza kwa kirefu.

Asubuhi nilipofumbua macho, mke wangu alikuwa amekaa pale pale, anasuka nywele.

"Karani kaamkaje leo?" akaniuliza.