Pikipiki ya Marehemu Kibwana

Yunusi wa Kilakala hakuwa mtu wa kujikunyata. Waliompenda walisema ana moyo, wasiompenda walisema ana mdomo, na wote walisema kweli. Akishika kitu kilichoharibika hakuuliza kama kitapona. Aliuliza nani ameweka nyundo.

Alizaliwa upande wa Mlali, na baba yake alifariki yeye angali ananyonya. Akalelewa na mjomba wake Kibwana, kaka wa mama yake, wala hilo halikuwa jambo la ajabu, maana kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ndiye mwenye neno. Kibwana alikuwa msimamizi katika shamba la mpira la Mdachi mmoja nje ya mji wa Morogoro. Mdachi huyo alipochoshwa na homa akarudi kwao, alimwachia Kibwana pikipiki yake kwa shukrani. Ikawa kioja cha Kilakala nzima: watoto waliikimbiza na mbuzi waliikimbia. Kibwana alimfundisha mpwa wake kuifungua na kuifunga, hadi Yunusi akaijua kama anavyoijua njia ya kwenda mtoni.

Kisha Yunusi akaenda kujenga reli ya Mdachi, huko Tabora na kuendelea mbele. Habari za kifo cha mjomba zilimfikia udongo wa kaburi umekwisha kukauka. Aliporudi, alimkuta mjomba hayupo, na pikipiki imesukumwa kwenye banda la mbuzi, kuku ametagia juu ya tangi. Alilia mle mle bandani, mtu mzima na masharubu yake, wala hakuona haya.

Alipofuta machozi akaenda kwa Mzee Hatibu, kaka mkubwa wa marehemu na mkubwa wa ukoo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Pole, baba. Umekuja wakati mzuri. Ebrahim mwenye duka anaitaka ile pikipiki, aifunge injini yake kwenye kinu cha mahindi. Anatoa ng'ombe na ndama wake."

"Msiiuze. Nipeni mimi. Sina kingine cha mjomba."

"Chuma kisichotembea ni cha nini? Kinakula nafasi ya mbuzi."

"Kitatembea. Ijumaa baada ya sala kitapita mlangoni pako."

"Ijumaa baada ya sala Ebrahim analeta ng'ombe. Ikiwaka tutasikilizana. Isipowaka, usije ukanililia hapa."

Mtu mwingine angekwenda kuomba dua. Yunusi alikwenda kutafuta spana.

Aliitoa pikipiki juani na kuivua yote. Ndani ya bomba la moshi nyigu walikuwa wamejenga nyumba za udongo, chumba juu ya chumba, akazitoa kwa kijiti. Petroli ya zamani ilikuwa imeganda kama ulimbo, akaikwangua, akaosha kabureta kwa petroli mpya aliyopewa na Ebrahim mwenyewe, mtu asiye na kinyongo. "Chukua tu," Ebrahim alisema. "Ikiwaka, nitanunua injini nzuri. Isipowaka, nitanunua iliyooshwa." Matairi yalikuwa yamepasuka, Yunusi akayajaza majani makavu na kuyashona. Ule ukanda wa ngozi unaozungusha gurudumu ulikuwa umekauka na kukatika, akakata mwingine kwa mtengeneza ngoma, kwenye ngozi ya fahali iliyowambwa ikawambika. Kazi ilikuwa inamwitika, na yeye akawa anaimba.

Wimbo ulikatika alipofika kichwani mwa injini. Pale panapokaa plagi, ile ya kutoa cheche, palikuwa na tundu tupu lililozibwa kwa gunzi la mahindi.

Plagi haikuwapo dukani kwa Ebrahim, haikuwapo Morogoro. Kuiagiza Dar es Salaam ni kungoja hadi Ijumaa ipite na nyingine juu yake. Basi hapo ndipo mdomo wa Yunusi ulipomtangulia. Alisimama sokoni akapaza sauti kwamba mwizi ameiibia maiti, na kwamba asiporudisha kitu cha watu, kesho itasomwa halbadiri, na huyo mwizi asije akasema hakuonywa. Halbadiri si neno la kutupwa tupwa, huwa linampata mtu.

Asubuhi, akiwa anatafuta ubani, aliingia uani Mwajuma, mfinyanzi wa vyungu, mwanamke wa ukoo ambao ni watani wa ukoo wa Yunusi. Shingoni alikuwa amevaa uzi, na kwenye uzi inaning'inia plagi.

"Mwizi wako nimekuja," alisema, akajikalisha kwenye kinu. "Nisomee nikiwa nimekaa, miguu inaniuma."

Yunusi alitamani ardhi ipasuke. Mtani huchukua kitu msibani mbele ya watu, na hukaa nacho mpaka akombolewe. Ndiyo haki yake, sawa na kuzika na kutukana. Siku ya matanga Mwajuma alikuwa amevaa koti na kofia ya Kibwana, akaiga mwendo wake na sauti yake, akaipanda pikipiki iliyosimama, akachomoa plagi akisema, "Sitoki hapa mpaka watu wangu waje kunikomboa!" Waombolezaji walicheka huku wanalia. Kwa kuwa walidhani plagi ni pambo tu la pikipiki, hakuna aliyekuja kuikomboa. Na Yunusi, aliyekuwa relini, hakuambiwa.

"Nisamehe, mtani," alisema.

"Nikusamehe wapi, mbwa wewe usiye na adabu! Kuku mmoja wa kukomboa, na jogoo mmoja kwa kuniita mwizi sokoni. Na ikiwaka, mimi ndiye wa kwanza kupakiwa."

Yunusi alilipa vyote, akacheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa asubuhi plagi ilikwanguliwa masizi, nafasi ya cheche ikapimwa kwa ukucha, ikafungwa. Yunusi akasukuma, akakimbia nayo, akarukia. Pikipiki ilikohoa, ikatema moshi mweusi, ikazima. Hakutukana wala hakuomba. Aliigeuza skrubu ya kabureta kidogo, akasikiliza, akaigeuza tena. Mara ya pili iliwaka ikiruka-ruka kama mbuzi aliyeshikwa mkia. Mara ya tatu ilitulia, ikawa inadunda kwa mpango mmoja, na Yunusi akajua kwa nyayo zake kwamba imepona.

Baada ya sala aliifikisha mlangoni kwa Mzee Hatibu, injini ikiunguruma. Ebrahim alikuwepo, na ng'ombe, na ndama. Mzee Hatibu aliizunguka pikipiki, akaligusa tangi.

"Hongera, mpwa wangu. Umefanya kazi ya kiume." Kisha akageuka. "Ebrahim, sasa ni nzima. Ongeza ng'ombe wa pili."

Yunusi alikaza mkono kwenye breki.

"Hatibu!"

Sauti ilitoka nyuma ya Yunusi, nzito, yenye mkwaruzo, na watu wote uani wakageuka. Mwajuma alikuwa amejipandia kwenye keria ya mizigo, koti la Kibwana mwilini, kofia ya Kibwana imeinamia jicho moja.

"Hatibu, nani kakwambia mimi nauza? Nimekufa kidogo tu, mmeshaita wanunuzi! Kijana wangu ndiye anayeniendesha. Anayetaka kuniuza, aje anishushe!"

Hakuna mtu mzima Uluguru anayeshindana na mtani aliyemvaa marehemu. Ebrahim, aliyekaa Morogoro miaka ya kutosha, alishika kamba ya ng'ombe wake akaanza kuondoka akitabasamu. Watu walingoja Mzee Hatibu acheke, maana ndiyo desturi. Hakucheka. Alisogea mpaka karibu na kofia ile.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema taratibu. "Sikujua kama umerudi. Nendeni. Nendeni salama."

"Haya, Yunusi, twende," ile sauti ikasema sikioni mwake.

Yunusi akaachia breki. Hakugeuka nyuma njia nzima hadi mtoni, kwa sababu alijua akigeuka atamwona Mwajuma.