Istikhara na Ndoto za Mto Ruvu

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu nyumbani kwetu Kisarawe, mwanangu, asubuhi niliyokuwa nimeamua kutokwenda Dar es Salaam. Vilima vilikuwa bado havijaonekana, na sauti za waliokuwa wakiliwahi basi zilinifikia zenyewe, bila watu. Mimi nimekaa kitandani naifikiria ndoto yangu.

Wakati ule kijana hakuingia Chuo Kikuu moja kwa moja kutoka shuleni. Ilibidi kwanza afanye kazi, na wenzake wa kazini waseme ni mtu wa namna gani. Mimi nilikuwa Mlandizi, kwenye mitambo ya kusukuma maji ya mto Ruvu, msichana peke yangu kati ya mafundi. Walinisemea vizuri, Mungu awalipe, nikaitwa Dar es Salaam kufanya mtihani wa kuingia uhandisi. Nafasi zilikuwa chache na waombaji walitoka kila mkoa. Niliitaka nafasi ile hadi kifua kinaniuma.

Kwa kuwa nililelewa kwenye swala, niliporudi nyumbani kuungoja mtihani niliswali istikhara, swala ya kumwomba Mungu akuongoze katika jambo. Rakaa mbili, dua, kisha nikalala nikingoja ndoto ya kunijibu. Zikaja, tena nzuri: mto Ruvu umepanda vilima vyetu, unapita uani polepole, na mama zetu wanachota maji wakiwa wamekaa barazani, wanacheka. Nilizipenda mno. Kila usiku niliswali tena ili niongezewe. Wadogo zangu wakawa wananiuliza kila kukicha, "Dada, mto umefika wapi?" Usiku wa mwisho mto ukaja na tope, nikazama hadi kiunoni, nikaamka na jibu langu: nisiende.

Shangazi Mwanaidi, dada wa baba, ndiye aliyetufundisha Kurani wasichana wa pale. Aliingia akanikuta sijavaa. Nikamwamkia, akaitika, akauliza kulikoni basi linaniacha. Nikamsimulia ndoto kwa unyenyekevu mkubwa, nikidhani atanisifu.

"Unashinda mtoni, unaota tope," akasema. "Muuza nazi naye anaota nazi. Hebu niambie hiyo dua uliyoomba, maana yake kwa Kiswahili."

Nikamwambia. Tunamwomba Mwenyezi Mungu, kama jambo hili lina kheri nasi, atujaalie na aturahisishie. Kama lina shari, atuepushe nalo. Kisha atupe kheri popote ilipo, na aturidhishe nayo.

"Ndoto iko wapi humo?"

Nikaipitia tena neno kwa neno; haikuwamo. Dua ile nilikuwa nayo kichwani tangu utotoni, na sikuwahi kuisikiliza.

"Zaina, wewe hukuogopa tope. Umeogopa mtihani, ukamsingizia Mungu. Anayeomba arahisishiwe njia ni yule anayekwenda. Vaa."

Yaliniuma, maana yalikuwa kweli. Hofu yangu ilikuwa imejitanda ushungi ikaketi nami kwenye msala wangu wa kuswalia, nami nikaidhania ni uchamungu.

Nilikwenda. Maswali siyakumbuki, nakumbuka mwanga mweupe madirishani, na kalamu iliyokuwa nzito kama ya mtu mwingine. Na mwaka ule, mwanangu, sikuchukuliwa. Nikamlilia Shangazi kwamba tope lilisema kweli.

"Mlango umefungwa mwaka huu," akanijibu. "Habari za mwakani tope lilikwambia?"

Nikarudi kwenye mitambo na vitabu vyangu vya hesabu. Mwaka uliofuata niliswali rakaa zangu mbili mara moja tu, nikalala bila kungoja kitu, na alfajiri nikapanda basi. Nikapokelewa.

Basi wewe unayeiwania nafasi ya uhandisi leo, mwombe Mola wako, tena mwombe kwa kuyaelewa maneno yako. Ukishaomba, soma, kisha nenda. Ukihisi moyo unarudi nyuma, uulize taratibu kama ni Mungu anayekuzuia au ni woga. Mlango ukifungwa, lia kidogo, hakuna ubaya. Kisha ukumbuke kwamba uliomba kheri popote ilipo, hukumchagulia Mungu mahali.

Akufungulie Mwenyezi Mungu lililo na kheri nawe, akupe miguu ya kuliendea. Na likikawia, akupe moyo mtulivu wa kulingoja ukiwa kazini. Amina.