Siku Niliyoongoza Gari la Maiti Hadi Kituo cha Majani Chai

Nitawaambia hii stori, lakini kwanza mniahidi kwamba mkinikuta sokoni Mosocho hamtaniuliza, "Mama Kerubo, leo tuteremshe wapi?" maana kuna watu wazima kabisa, wengine wazee wa kanisa, ambao mpaka leo wakipita mbele ya duka langu lazima wasimame kuniuliza hivyo halafu waende zao wakicheka mpaka mabega yanatikisika, na ni kweli, mimi ndiye niliyefanya hicho kitu, mchana kweupe, na akili zangu zote kichwani.

Mimi ni mjane. (Msinihurumie, stori haielekei huko.) Mume wangu Ombati aliugua tumbo, tukafikiri ni vidonda, na kabla hatujaelewa ni nini tulikuwa tumeshamzika nyumbani kwao upande wa Nyamira, nami nikarudi Mosocho na mtoto wetu na pikipiki yake, na kwa miezi mingi nilikuwa mtu wa kufungua duka na kukaa nikitazama ukuta, mteja akiomba sukari nampimia mchele. Pikipiki ilikuwa stoo, imefunikwa gunia. Siku moja nikaitoa niipanguse vumbi, nikaikalia tu hivi, kujaribu, na nikaona kwamba kwa zile dakika chache nilizokaa pale sikuwa nimewaza kitu kingine chochote. Rafiki yake mmoja wa bodaboda akakubali kunifundisha. Nilianguka jamani. Nilianguka kwenye mtaro, nilianguka kwenye ua wa jirani, nilianguka hata ikiwa imesimama. Yule rafiki hakuwa na maneno mengi, alikuwa anarudia lile moja, "Shemeji, usitazame shimo. Tazama pale unataka kwenda."

Nikazoea. Nikaanza kwenda mbali, leo Marani, kesho Masimba, nikaenda mpaka Keroka nikarudi na ndizi na uso wa mtu aliyelala vizuri. Pikipiki haikuachi uwaze sana, ukizubaa na mambo ya mwaka jana inakuweka chini, na ukisema basi wacha nisimame tu hapa nisiende popote, hapo ndipo inakuwa nzito zaidi. Lazima uende ndipo isimame wima. Mimi sikuwa nimepata kanisani wala kwa ndugu kitu kilichonishika hivyo, na nasema hivi nikiwa Msabato wa kuzaliwa.

Sasa, shida ilikuwa mama mkwe wangu. Mama ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lao huko Nyamira, mtu wa maneno machache ambayo hayarudiwi, na alikuwa ameamua kwamba pikipiki ya mwanawe iende kwa Nyakundi, mdogo wake Ombati, afanyie kazi, kwani mjane wa watu atafanya nini na pikipiki. Hakujua kwamba naiendesha. Nyakundi alikuwa aje kuichukua Jumapili. Sikubisha. Nianze vipi kubishana na mama aliyemzaa mume wangu, nimwambie ati usinichukulie, hiyo ndiyo dawa yangu? Nikalia kidogo stoo, na nikaamua Ijumaa nifunge duka mapema niende safari ya mwisho, niiage vizuri.

(Hapa kuna jambo la aibu nililotaka kuruka lakini bila hilo hamtaelewa. Ijumaa hiyohiyo palikuwa na mazishi ya Mzee Onchiri, jirani yao Mama, na Mama alikuwa amenipigia simu nifike. Mimi tangu Ombati sikuwa nimeweza kusimama karibu na kaburi. Nikamwambia siwezi, gari la mzigo linakuja dukani. Mazishi yalikuwa ya asubuhi, kwa hivyo nikajua nikipita huko alasiri watakuwa wamemaliza na kula na kutawanyika.)

Nikaanzia Marani, na pale mteja wangu mmoja akanipa miche miwili ya avokado, mirefu, yenye majani mengi, nikaifunga nyuma ya kiti karibu na helmeti ya zamani ya Ombati ambayo hutembea nayo tu, bila sababu. Nikavaa riflekta yangu, nikateremka Kisii mjini, nikashika barabara ya Nyamira. Alasiri ilikuwa imeanza kuegemea. Mbele nikakuta msafara wa mazishi unaenda pole, gari la maiti, nyuma yake mabasi na magari madogo, na kando ya barabara vijana wa bodaboda waliokuwa wakiuongoza, pikipiki zao zimefungwa matawi mabichi kama kawaida ya msafara, wamesimama wote wamemzunguka mwenzao aliyepasua tairi.

Mnajua kwamba msafara wa maiti haupitwi. Najua pia. Lakini mawingu yalikuwa yanakuja, na Sabato ilikuwa inaingia jua likizama, nilikuwa na mtoto wa kuogesha na chakula cha kupika kabla ya hapo, nikajiambia wacha nipite tu kwa heshima. Heshima yenyewe ilikuwa hii: nikawasha taa, nikawasha indiketa zote mbili, nikapita polepole nimeinamisha kichwa, na nilipofika mbele ya gari la maiti sikukimbia, nikaendelea pole hivyo hivyo kwa sababu niliona haya kulitimulia moshi.

Mwaonaje hapo? Mtu ana riflekta, ana taa, ana majani mabichi yanapepea nyuma, na yuko mbele ya maiti. Dereva yule alikuwa mgeni kabisa wa sehemu zetu, na baadaye ndipo nilijua kwamba huko mjini alikuwa ameambiwa neno moja tu, afuate pikipiki zenye matawi, na waliokuwa kwenye mabasi walidhani tunakata njia ya mkato.

Nikaacha lami, nikaingia barabara ya udongo inayopanda kwenye mashamba ya chai. Nikatazama kwenye kioo, nikaona nao wamekata kona. Nikajiambia, kumbe wanaenda huku pia, maskini, na mimi nikawasikitikia. Nikakata nyingine, wakakata. Tukapanda mlima, mimi mbele na wao nyuma, na nakumbuka nikiwaza kwamba hawa watu wana adabu, hakuna anayenipigia honi.

Barabara hiyo inaishia kwenye kituo cha kununulia majani chai, juu kabisa, penye uwanja wa nyasi unaoona mabonde yote mpaka macho yachoke. Hapo ndipo huwa nasimama, nazima pikipiki, namwambia Ombati habari za wiki. Saa hizo huwa hakuna mtu. Siku hiyo lori la kiwanda lilikuwa limechelewa na uwanja ulikuwa umejaa wakulima na vikapu vyao. Nikazima, nikavua helmeti, na nilipogeuka gari la maiti lilikuwa limesimama nyuma yangu, na wanaume wa glavu nyeupe tayari wameshuka kufungua mlango. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Mama, tuteremshe wapi?"

"Mteremshe nini?"

Kabla hajanijibu, akina mama waliokuwa wamekalia vikapu walikuwa wameshaanza kulia, maana kwetu ukiona jeneza limeingia mahali ulipo unalia kwanza, jina utauliza baadaye. Karani aliacha mzani akavua kofia. Bibi mmoja nisiyemjua alinishika mikono yangu yote miwili akaniambia pole sana, nami nikamwambia asante. (Ningesema nini?) Watu wakashuka kwenye mabasi wakitafuta tenti, wakitafuta kaburi, wanaona vikapu tu, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya haya yote na avokado zangu, nikielewa pole pole, kwa sababu kwenye basi la akina mama wa kanisa nilikuwa nimeona kitambaa cha kichwa ninachokijua.

Mama alikuja mpaka mbele yangu. Aliitazama pikipiki kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma. Kisha akaniuliza kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kofi.

"Mama Kerubo, si uliniambia gari la mzigo linakuja dukani?"

"Ndiyo, Mama."

"Ndilo hili?"

Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka, wakajizuia, wakalia tena. Lakini kicheko hakikukaa, kwa sababu mtoto mkubwa wa marehemu alikuja akisema walikuwa wamecheleweshwa mochari tangu asubuhi, pasta alikuwa ametoka mbali na alikuwa amewaambia wazi kwamba jua likikaribia kuzama anaondoka, yeye haziki mtu kwa mkono wake ndani ya Sabato. Pale juu hakuna netiweki. Na wakati huohuo lori la majani chai likafika, likaziba barabara, na yale mabasi yote yalikuwa yageuke kwenye kanjia hako moja baada ya jingine. Mama Onchiri, mjane, alikuwa ameketi mbele ndani ya gari la maiti, leso usoni tangu mochari, njia hakuwa ameiona. Alinitazama tu, na mimi nilijua lile jicho, nilikuwa nalo siku yangu. Kama Mzee asingezikwa jioni ile angerudishwa mochari, na yeye angerudi nyumbani penye kaburi limeachwa wazi, kwa sababu mimi nilitaka kuaga pikipiki.

Nikasema kuna njia ya wachuma chai inayokata mpaka kwao Onchiri, naijua, nimeipita mara nyingi, wacha nikamzuie pasta. Yule mwana akasema pasta hatamsikiliza mtu asiyemjua.

"Mimi atanisikiliza," Mama akasema, na tayari alikuwa anakunja gauni lake.

Nilimfungia helmeti ya Ombati kidevuni. Alipoivaa alivuta pumzi ndani yake mara moja, ndefu, na nikajifanya sijaona. Akapanda nyuma kiume, akanishika kiuno kwa nguvu, tukateremka katikati ya chai, na kila kona alikuwa anavutia upande wake mpaka ikabidi nimwambie, mimi ambaye sikuwa nimewahi kumwamrisha kitu maishani mwangu, "Mama, usishindane nayo. Nikilala, lala nami." Akalala nami. Tukapita daraja la miti, tukapanda, tukateremka tena, na mahali fulani huko akasema karibu na sikio langu kwamba Ombati alikuwa anaendesha vibaya, alikuwa na haraka, na kwamba mimi naendesha vizuri. Kisha nikasikia ile helmeti imeegemea mgongo wangu na haikutoka. Nililia, nisidanganye. Nililia nikitazama mbele.

Tukafika. Tenti zimejaa, pasta ameshaingia kwenye gari lake na gari linanguruma, na watu wote, nasema wote, wakageuka kutazama mwenyekiti wa akina mama wa kanisa anaingia matangani kwa pikipiki. Na mimi ambaye nilikuwa nimeteremka mlima mzima bila kuteleza, pale langoni nikawatazama watu badala ya kutazama lango. Kulikuwa na matope ya udongo uliotoka kaburini. Gurudumu la mbele likaenda huku, mimi nikaenda kule, na tukaanguka polepole sana, kila mtu akipata nafasi ya kuona vizuri, mimi, Mama, pikipiki na avokado zote mbili, mbele ya kwaya.

Mama ndiye aliyeinuka kwanza, helmeti kichwani, gauni jeupe limekuwa jekundu upande mmoja, akatembea moja kwa moja mpaka kwenye gari la pasta na kugonga boneti kwa kiganja.

"Pasta, zima gari. Mzee anakuja."

Gari likazimwa. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa bado nimekaa chini kwenye tope.

"Na wewe Mama Kerubo, inua pikipiki yako, umeziba njia ya mwili."

Niliinama kuiinua na mikono ilikuwa imejaa udongo mpaka kwenye viwiko, na nikabaki nimeinama hivyo, sikuweza kuinuka haraka. Alikuwa amesema yako.

Mzee Onchiri alizikwa jua lingali juu ya mashamba ya chai. Nilisimama karibu na kaburi mwanzo mpaka mwisho, mchafu hivyo, nimemshika mkono Mama Onchiri, na sikuanguka. Jumapili Nyakundi alikuja Mosocho kama tulivyopatana, lakini Mama alikuwa ameshaongea naye, akanywa chai, akaenda na mche mmoja wa avokado.

Kwa hivyo mimi nimeapa. Sitapita msafara wa maiti tena hata kama nina uchungu wa kuzaa. Sitabeba kitu chochote cha kijani nyuma ya pikipiki, hata sukuma wiki nazitia kwenye gunia na kufunga mdomo. Nikiitwa mazishini nasema naja, na naja. Lakini kuacha kuendesha, hapana, hicho sikuapa, na hakuna aliyeniomba. Sabato nikiwa Nyamira huwa nampeleka Mama kanisani, yeye nyuma na helmeti ya mwanawe, na tukifika mlangoni, watu wote wakiwa wamesimama pale wanasikia, hunigonga begani na kuniambia, "Haya, niteremshe hapa."