Siku Wasafisha Kuta Walipoanza Kufundishana

Siku tuliyokwenda kumjulia hali Damasi naikumbuka vizuri, mwanangu, pengine kuliko siku ya harusi yangu. Ilikuwa Jumapili, kule Mtoni, na sebule yake ilikuwa ndogo kwa wingi wetu. Wote tulikuwa watu wa kazi moja, kazi hii unayoifanya wewe leo ya kuosha majumba kwa nje: kuta, mapaa, baraza, nguzo za mageti. Enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa, kazi ilikuwa imechangamka kweli. Maduka yanafunguliwa kila mtaa, na mwenye nyumba wa Masaki anataka ukuta wake ung'ae apate mpangaji mzuri. Sie wakandarasi wadogo tukawa tunagombania kuta hizo, kila mmoja na mafundi wake na siri zake.

Damasi alikuwa mtu wa Masasi, mcheshi, asiyejua kununa. Alianza kazi kwangu, kisha akajitegemea, na sikumlaumu. Siku ile tulimkuta amekaa kwenye kiti, shavu limebabuka, jicho la kulia limefungwa bandeji. Alikuwa akiandaa asidi ya kutoa mabaki ya saruji ukutani. Akamimina asidi kwenye ndoo kwanza, kisha akaongeza maji juu yake. Ikachemka ghafla na kumrukia usoni. Daktari alikwishamwambia kuwa jicho lile halitaona tena.

Tukampa pole, tukakaa, mazungumzo yakawa ya kusuasua. Ndipo Sefu, mkandarasi wa Mwananyamala aliyekuwa na kazi nyingi kutushinda sote, akasema, tena kwa huruma:

"Asidi ile haitaki kumwagiwa maji. Unatanguliza maji, yenyewe unaitia kidogo kidogo. Mie mwaka jana ilinibabua mkono wote."

Mwingine akadakia kwamba hata yeye yalimkuta Tegeta, ila alikuwa amevaa miwani.

Mama Anjela, mkewe Damasi, alikuwa anaingia na sinia la chai. Akasimama palepale mlangoni.

"Kwa hiyo mlijua," akasema.

Akamgeukia Sefu.

"Shemeji Sefu, nakuuliza wewe. Ulijua tangu mwaka jana, na mume wangu mnakutana kila mara dukani kwa muuza dawa za kuoshea kuta?"

Sefu akatazama chini. "Shemeji, biashara hii kila mtu na lake. Mie na Damasi tunagombea kazi zilezile."

"Basi sasa hamgombei. Chukua zote."

Akaliweka sinia chini, akatoka. Chai ile hakuna aliyeigusa.

Mwanangu, mie habari ya asidi nilikuwa siijui, lakini usidhani nilikuwa mwema kuliko wenzangu. Nilikuwa na dawa yangu ya vigae, na nikitaka kuichanganya nawatuma mafundi dukani wasione. Ndivyo tulivyokuwa sote. Kesho yake nilirudi kwa Mama Anjela nikamkuta jikoni anachambua mchele. Hakuniinulia uso.

"Pole zenu nimezipokea, dada Zuhura," aliniambia. "Sasa mtafanya nini?"

Swali hilo ndilo lililonitoa nyumbani. Nilizunguka Keko, Tandika, Magomeni, mpaka Kinondoni, nikigonga milango ya wakandarasi wenzangu. Nilitaka tukutane siku moja, kila mtu aseme anachokijua kinachoweza kumdhuru mwenzake. Wengine walinikaribisha maji wakanisikiliza kwa heshima, na nikishatoka nasikia vicheko. Mmoja alinambia waziwazi, "Bi Zuhura, unataka tukufundishe kazi ili utunyang'anye wateja?" Sefu ndiyo kabisa, alimtuma mwanawe aseme kasafiri, na kanzu yake ninaiona inapita uani. Sikukata tamaa. Nilirudi kwake tena, na tena, nikawa namwachia salamu tu.

Habari zikamfikia muuza dawa wetu wa Kariakoo, yeye ndiye aliyekuwa akituuzia ile asidi kwenye madumu yasiyo na maandishi yoyote. Akaniita dukani, akaniagizia soda.

"Dada, umewaza jambo zuri sana. Ukumbi niachie mie. Pilau niachie mie. Fulana nitawashonea. Mtu wangu atakuja kuwafundisha."

Sikufichi, nilifurahi. Pilau ingewaleta hata wale walionicheka. Lakini nikamuuliza, "Na Damasi atapewa nafasi ya kueleza yaliyompata?"

Akacheka. "Dada, watu wanakuja kufurahi. Ukiwaanzishia habari za macho, nani atanunua dawa?"

Niliirudisha ile soda mezani. Nikamwambia abaki na ukumbi wake. Naye akanijibu nitafute duka lingine la kununua dawa, na nikalitafuta.

Basi tukakutana uani kwangu, hapo Mtoni, nyuma kidogo ya barabara ya Kilwa. Ukuta wangu wa nyuma ulikuwa umeota ukungu wa kijani, huo ndio ukawa ubao wetu. Mama Anjela akachemsha mihogo. Watu waliokuja walikuwa wachache, viti vya kuazima vingi vikabaki vitupu, na majirani wakachungulia kujua ni msiba au ni nini.

Damasi alikuja na miwani myeusi. Tangu aumie alikuwa hajaligusa dumu. Alipolishika akasita, nikainuka kumsaidia.

"Niache, dada Zuhura," akasema. "Nikiliachia leo sitalishika tena."

Akatia maji kwenye ndoo. Kisha akainamisha dumu, asidi ikaingia kidogo kidogo. Sote tulikuwa tumerudi nyuma tukingoja irushe. Haikurusha. Hata sauti haikutoa.

Damasi akaitazama ile ndoo kitambo. "Ndiyo hivyo tu, jamani," akasema. "Kumbe lilikuwa neno moja tu la kuambiwa."

Ndipo nikamwona Sefu. Alikuwa amesimama getini, sijui tangu saa ngapi. Akaingia, akakunja mkono wa kanzu, na kovu lake likaonekana kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Akaanza, "Damasi, mie ningekwambia..." akashindwa kumalizia. Mama Anjela akamletea sahani ya mihogo. Sitakudanganya kwamba alimsamehe siku ile. Ilichukua muda mrefu, na hiyo ni haki yake.

Lakini Sefu alikaa, na akafundisha. Alitueleza jinsi maji ya presha kubwa yanavyolegeza misumari ya bati, mvua ikija nyumba inavuja na lawama ni zako. Mwingine akasimama na la ngazi, mwingine na la glavu. Mie nikatoa dawa yangu ya vigae, na moyo uliniuma, lakini niliitoa. Tuliachana jua linazama.

Mara ya pili tulikutana kwa Sefu, Mwananyamala, na viti havikutosha. Ikawa desturi, mara Temeke, mara Kinondoni. Majumba yalipoanza kupanda vilima vya Madale tukaenda huko, na maghorofa ya vioo yalipokuja tukafundishana kuning'inia kwa kamba. Sharti letu halikubadilika: anayesimama mbele awe mtu aliyewahi kushika brashi, na asikatazwe kueleza kilichomuumiza.

Sasa umenijia na habari kwamba kampuni ya mashine za kuoshea inataka kuwalipia mkutano wa mwaka huu, hotelini, na wenzako wamefurahi. Sikwambii mkatae viti, wala sikwambii mkatae chakula. Waulize kwanza kama mtu wenu yeyote aliyeanguka kutoka juu ya bati atapewa nafasi ya kusema kwa nini alianguka. Wakisita, rudini mkutane uani kwa mmoja wenu. Na wewe mwenyewe, ukijua jambo linaloweza kumtia mtu kilema, liseme siku hiyohiyo, tena anza na yule mnayegombea naye kazi, maana ndiye utakayeshawishika kumficha.

Nenda, mwanangu. Mola akupe kazi nyingi na mikono salama, na akubakizie washindani wazima wa macho, mzeeke nao.