Madume wa Kunigunda hawahasiwi, na nyama yao hainuki

Saa moja asubuhi, ukungu bado umekalia ngolo, mashimo ya kulimia, kwenye mteremko wa Mkumbi, na Kunigunda Kapinga ameinama ndani ya banda la nguruwe. Hajanywa chai. Anasukuma kinyesi kwa koleo mpaka nje, anamwaga maji, anakausha sakafu ya mbao kwa ufagio, kisha anatandaza majani makavu. Akimaliza chumba hiki anaingia kile.

"Kwanza wao, halafu mimi," anasema. "Nguruwe akilalia uchafu wake, uchafu unahamia kwenye mafuta. Siku ukimchinja, unaula wewe."

Vyumba ni vinne. Nguruwe ni kumi na wawili, wote madume, wote wa miezi minne na nusu, na hakuna hata mmoja aliyehasiwa. Leo, Jumamosi ya katikati ya Julai 1997, mmoja wao anafungwa kwenye tenga na kupakiwa kwenye pikapu ya jirani. Anakwenda Mbinga mjini kwa Methodi Ndimbo, mwenye bucha na jiko la kitimoto, nyama ya nguruwe ya kukaanga.

Methodi amempa Kunigunda sharti moja tu. "Mama Beata, nitachinja huyo mmoja. Mpaka kesho jioni nikirudishiwa hata robo kilo kwa sababu ya harufu, usiniletee tena dume."

Wanaobaki bandani ni kumi na mmoja. Mnunuzi mwingine hakuna, na nguruwe wenyewe hawawezi kungoja. Baada ya miezi miwili watakuwa wamekomaa, na hapo harufu itakuja kweli.

Dume la nguruwe likishakomaa, nyama yake ikipata moto hutoa harufu nzito ya jasho na mkojo. Ndiyo maana wafugaji huhasi madume wakiwa bado wananyonya. Kunigunda naye alifanya hivyo miaka yote, mpaka masika ya mwaka 1995.

Masika hayo mumewe, Stephano, aliyekuwa fundi wa kuhasi wa kitongoji kizima, alihasi watoto tisa kwa wembe. Mvua haikukatika na banda la wakati ule lilikuwa la udongo. Vidonda vikaoza, wakafa saba. Bwana mifugo aliyekuwa akipita na mkoba wa dawa alikuwa amepunguzwa kazini, na dawa zilikuwa zimehamia kwenye duka la mtu binafsi mjini.

"Zamani tulimsubiri bwana mifugo," anasema Stephano. "Siku hizi tunasubiri hela ya kumfuata mwenye duka."

Kahawa nayo haikuwa ya kuegemea. Wanunuzi binafsi walikuja na bei ya kushangilia msimu mmoja, msimu uliofuata wakaja na sura nyingine. Aliyekuwa akimlipia Beata, binti yao, ada ya sekondari ni nguruwe.

Kunigunda alisali rozari nzima usiku ule wa kuzika watoto wa nguruwe, na asubuhi akamwambia mumewe kwamba hataki kuuona tena wembe wake bandani.

"Alinistaafisha bila kiinua mgongo," anasema Stephano, na mkewe anacheka mpaka anashika ukuta.

Majirani hawakuchelewa. Kisimani walimuuliza anafuga nguruwe au anafuga mabwana harusi. Yeye akajaza ndoo yake, akarudi kufagia banda.

Mara ya kwanza alishindwa, na hafichi. Krismasi ya mwaka ule ule alichinja dume wa miezi kumi, mnene wa kupendeza. Stephano na kaka zake walikula wakalamba vidole. Lakini Hedwiga, dada yake Stephano, alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi.

"Wifi, hii nyama ina kikwapa!"

Wanaume wakamcheka. Mmoja akasema labda ana mimba.

"Mimba, na miaka yangu hamsini na mbili?" Hedwiga akajibu. "Basi kuanzia leo niiteni Elizabeti, na huyo Zakaria wangu mfungeni mdomo!"

Watu walicheka, ila Kunigunda alikuwa anaangalia sahani. Aliona kwamba wanawake karibu wote walikuwa wameisukuma nyama pembeni, na wanaume karibu wote walikuwa wanaomba nyingine. Nyama ile ile, sufuria ile ile.

"Hapo nikajua pua ya mwanamume si kipimo," anasema. "Si kwamba wanadanganya. Wengi wao hawaisikii kabisa."

Mwaka uliofuata parokia ilimwalika mwalimu wa mifugo mstaafu kufundisha siku tatu. Kunigunda, aliyeishia darasa la saba, aliandika kila neno. Dume achinjwe kabla hajafikisha miezi mitano, kabla hajaanza kutamani jike. Asikae karibu na majike. Madume waliozaliwa pamoja wasichanganywe na wageni, maana wakipigana wanawahi kukomaa. Na walale pakavu, kila siku ya Mungu.

La usipa aliligundua mwenyewe. Watu wengi wa milimani hununua vumbi la usipa, dagaa wa ziwani, kutoka Mbamba Bay, na kulichanganya na pumba. Nguruwe hunenepa upesi. Kunigunda naye huwapa, lakini wakitimiza miezi mitatu anaacha kabisa, anawapa pumba, maboga na viazi vibichi vilivyokatwakatwa. "Usipa ni mzuri, lakini una tabia ya kukumbukwa kwenye nyama," anasema.

Saa nne pikapu inafika mjini. Kunigunda ameongozana na Hedwiga, aliyebeba kipande cha nondo cha kupimia harufu, kilichofungwa kwenye kanga. Saa tano dume ameshachinjwa na kusafishwa.

Methodi naye ana lake. Jana alinunua nguruwe aliyehasiwa kutoka Ukata, akamchinja. Anakata kipande cha mafuta ya shingo ya huyo na kipande cha dume wa Kunigunda, anawapa wote mgongo, anaweka kila kipande kwenye bakuli lake. Ni yeye peke yake anayejua kipi ni kipi. Wanawake waliokuja kununua nyama ya Jumapili wanasogea.

Hedwiga anapasha nondo kwenye mkaa, anaigandamiza kwenye kipande cha kwanza. Moshi mweupe unapanda. Ananusa, anafumba macho, ananusa tena.

"Hii safi. Hii kampe hata padri."

Anapasha tena, anagandamiza cha pili, na hapo hapo anaruka nyuma.

"Mama yangu! Hii ndiyo ile ya Krismasi!"

Mkono wa Kunigunda uko mfukoni, kwenye rozari, na midomo inacheza.

Methodi anachukua bakuli la pili, ananusa mpaka pua inagusa mafuta. "Mbona mimi sisikii kitu?" Anampa mama mmoja wa kwenye foleni. Yule mama anageuza uso kabla bakuli halijamfikia.

"Haiwezekani," anasema Methodi, jasho likimtoka. "Huyu ndiye wa Ukata. Huyu amehasiwa! Kidonda nimekiona kwa macho yangu."

Kunigunda anainua uso. "Kidonda? Kilichopona au kibichi?"

Methodi anajibu: "Kibichi."

Kicheko kinachozuka hapo kinawatoa watu hata maduka ya jirani. Muuzaji alikuwa amemhasi dume mzee siku chache kabla ya kumleta sokoni, ili kidonda kimtetee.

"Amevuliwa koti," anasema Hedwiga, "jasho limebaki!"

Methodi anakaa kwenye kigoda chake. Anakiri kwamba kwa miaka mingi akina mama wamekuwa wakimrudishia nyama, na yeye akinusa haoni kosa. "Nilidhani wananifanyia ujanja niwaongezee mfupa. Naomba radhi, mama zangu."

Kufikia saa tisa dume wa Kunigunda amekwisha, mpaka kichwa. Jumapili baada ya misa ya pili Methodi anakaa mlangoni mwa bucha akiangalia barabara. Jua linazama. Hakuna aliyerudisha hata kipande.

Jumatatu anatuma ujumbe Mkumbi: kumi na mmoja wote anawachukua, ndani ya wiki mbili, kabla hawajatimiza miezi mitano, kwa shilingi mia saba kilo, bei ile ile ya aliyehasiwa. Na Hedwiga anaombwa aje buchani kila Jumamosi na nondo yake. Kwa malipo.

Kunigunda alipopata habari hizo alipiga magoti pale pale bandani, akamshukuru Mungu, akainuka akaendelea na koleo.

Sasa amepanga kujenga banda la pili kabla ya mvua za Novemba. Wafugaji wa vijiji vya Ruanda na Ukata wameanza kumfuata wajifunze, wengi wao wanaume, na hamfukuzi mtu. Ila ana sharti, naye sasa ni mtu wa kutoa masharti.

"Kila mwanamume aje na mke wake, au dada yake, au mama yake," anasema. "Akija peke yake nitamfundisha kila kitu, atakwenda atafuga vizuri, halafu atachinja, atanusa, atasema iko sawa. Na jina litakalochafuka ni langu."